Historia ya Kiyoyozi: Joto Halifi, Huhamishwa

Leo tutazungumza juu ya kiyoyozi, yaani mashine ya kupoza hewa ya chumba. Wengi wenu mmeiona benki, hospitalini au katika ofisi za mjini. Watu husema, "Mashine ile hutengeneza baridi." Neno hilo si kweli. Hakuna mashine itengenezayo baridi. Kiyoyozi hulichukua joto la ndani na kulitupa nje, basi. Ukilishika jambo hili moja, umelishika somo zima, na huenda ukaokoa fedha yako pia.

Tuanze na kitu mnachokijua: mtungi wa udongo. Kwa nini maji ya mtungi ni baridi kuliko maji ya ndoo? Udongo wa mtungi una vitundu vidogo sana. Maji kidogo hupenya mpaka nje, yakageuka mvuke na kwenda hewani. Lakini maji hayawezi kugeuka mvuke bila joto. Kwa hiyo hulichukua joto la maji yaliyobaki ndani. Hata jasho la mwili hutupoza kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 1758, huko Cambridge, Uingereza, Benjamin Franklin wa Marekani na mwenzake John Hadley walilijaribu jambo hili. Walikilowesha kipimajoto kwa etha, dawa ya majimaji inayokauka upesi kuliko maji, kisha wakakipulizia hewa kwa mivukuto. Walirudia mara nyingi. Siku ile ilikuwa ya joto, lakini kipimajoto kilishuka mpaka digrii 14 chini ya sifuri, na barafu ikakizunguka.

Sasa twende Florida, jimbo la Marekani lenye joto jingi. Katika miaka ya 1840, daktari mmoja aitwaye John Gorrie aliwauguza wagonjwa wa homa katika mji wa Apalachicola. Aliweka barafu katika chombo karibu na dari, ili hewa baridi iwashukie wagonjwa. Lakini barafu ililetwa kwa meli kutoka mbali. Basi Gorrie akaunda mashine ya kugandisha maji, na mwaka 1851 akapewa hati ya serikali ya kuilinda kazi yake. Hakufanikiwa kuiuza, akafa mwaka 1855. Yeye, kama madaktari wengi wa wakati ule, alidhani kwamba malaria huletwa na hewa mbaya. Ni mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, akiwa India, alipoonyesha kwamba mbu huchukua vijidudu vya malaria. Hivyo Gorrie alikosea juu ya ugonjwa, lakini mashine yake ilifungua njia.

Mtu wa pili wa kukumbukwa ni mwalimu kama walimu wenu. Warren Johnson alifundisha katika chuo cha walimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin, ambako baridi ni kali. Vyumba vilipashwa joto kutoka tanuri lililokuwa chini ya jengo. Mtumishi alilazimika kuingia darasani mara kwa mara kutazama kipimajoto, na masomo yakakatizwa. Mwaka 1883 Johnson alipata hati ya chombo chake cha umeme. Chumba kilipohitaji kurekebishwa, kengele ililia kule chini, naye mtumishi akajua la kufanya. Chombo cha namna hii huitwa themostati.

Themostati ya zamani hufanyaje kazi? Huchukuliwa vipande vyembamba vya madini mawili, kama shaba na chuma, vikaunganishwa pamoja. Vyote viwili hutanuka kwa joto, lakini kimoja hutanuka zaidi, basi kipande chote hupinda. Kikipinda, huunga au hukata njia ya umeme. Themostati za siku hizi hupima joto kwa vyombo vya elektroniki, lakini kazi ni ile ile.

Mtu wa tatu ni Willis Carrier. Mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 25, alitakiwa kukisaidia kiwanda cha kuchapa cha Sackett-Wilhelms huko Brooklyn, New York. Shida yao ilikuwa unyevu wa hewa. Karatasi ilivuta unyevu ikatanuka, kisha ikakauka ikanywea, na rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine hazikukutana sawasawa. Carrier alipitisha hewa juu ya mabomba ya baridi. Unyevu ukageuka matone ya maji, hewa ikatoka kavu na yenye ubaridi. Kumbe kiyoyozi cha kwanza cha namna hii kilitengenezwa kwa ajili ya karatasi, si kwa ajili ya watu! Na yale maji yanayodondoka nje ya kiyoyozi leo si maji yaliyotiwa na fundi. Ni unyevu uliotolewa katika hewa ya chumba.

Sasa tazameni kiyoyozi cha leo. Ndani ya mabomba yake mna gesi maalumu inayozunguka. Katika sehemu iliyo chumbani, huwa majimaji yanayochemka kwa urahisi na kugeuka gesi, nayo hunyonya joto, kama maji ya mtungi. Kisha kompresa huisukuma na kuibana, ikawa moto sana. Katika sehemu iliyo nje, hulitoa lile joto hewani, ikarudi kuwa majimaji. Weka mkono karibu na sehemu ya nje: utalisikia joto lililotoka ndani.

Kwa kuwa mmelielewa hilo, mtayatambua makosa haya manne.

Kosa la kwanza: kuweka digrii 16 ili chumba kipoe upesi. Themostati si kanyagio la mafuta la gari. Ni mlinzi anayesema, "Endelea," au, "Basi, inatosha." Ukitaka digrii 25, weka 25. Chumba chenye joto jingi kitapozwa kwa nguvu vilevile. Ukiweka 16, mashine haitapumzika, na umeme wa LUKU utakwisha haraka.

Kosa la pili: kufungua mlango wa jokofu ili kupoza chumba. Jokofu hulitupa joto lake nyuma, humo humo chumbani, pamoja na joto la mota. Mwishowe chumba kitazidi kuwa na joto.

Kosa la tatu: kuacha feni ikizunguka katika chumba kisicho na mtu. Feni haipozi chumba. Hukausha jasho la mtu.

Kosa la nne: kudhani kiyoyozi huleta hewa mpya. Vile vya ukutani vya majumbani, kwa kawaida, huzungusha hewa ile ile. Fungueni madirisha mara kwa mara, mashine ikiwa imezimwa.

Kumbukeni pia kwamba kitupwacho nje hakipotei. Gesi za zamani za viyoyozi na majokofu ziliharibu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi ya jua, na mwaka 1987 mataifa yalipatana huko Montreal kuziacha. Nyingi zilizochukua nafasi yake huongeza joto la dunia. Kwa hiyo Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubali kuzipunguza nazo. Fundi anayeiachia gesi hewani anatudhuru sote.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Mtungi na kiyoyozi vinafanana kwa jambo gani?
2. Kiwanda cha Brooklyn kilikuwa na shida gani?
3. Jirani yako ameweka kiyoyozi digrii 16 na kuacha dirisha wazi. Utamweleza nini?