Joje ya esansi: namna ya kuipatanisha na tablo mupya

Hapa Bukavu shofere wengi hawaamini tena joje. Wanahesabu tu: nimeweka litre 10 asubui, nimeenda Panzi mara tatu, basi niko karibu kukauka. Kwa kozi za mjini inaweza kupita, Kadhafi mwenye bido hakosekani kando ya barabara. Lakini unapopanda Ngomo kutoka Kamanyola, gari imejaa watu na jua inazama, joje yenye kudanganya si jambo la kucheka.

Shida inaanza mara nyingi kwa fundi. Gari nyingi zinatoka Japani na volante ya kuume, na sisi tunatembelea upande wa kuume wa barabara, njo maana watu wanahamisha volante kushoto. Tablo inabadilishwa, waya zinakatwa na kuungwa upya. Wengine wanafunga joje ya gari ingine kabisa. Moteri inawaka, mataa inawaka, lakini mshale wa esansi unabaki «imejaa» wiki nzima.

Ndani ya tanki kuna floteri inayoelea juu ya esansi. Ikipanda na kushuka, inabadilisha ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu, na joje inasoma huo ukinzani. Sasa, kila kampuni ina hesabu yake. Toyota nyingi: karibu omu 3 tanki ikijaa, karibu 110 ikikauka. VDO ya Ulaya ni kinyume: omu 10 ikikauka, 180 ikijaa. Joje nyingi za kuuzwa peke yake zenye kufuata hesabu ya Marekani: 240 ikikauka, 33 ikijaa. Ukifunga joje ya VDO juu ya floteri ya Toyota, itasoma kinyume: mshale utapanda wakati esansi inashuka.

Mbele ya kununua kitu, pima. Zima kontakti, chomoa waya ya floteri, weka multimetri kati ya floteri na masi. Pima tanki ikiwa karibu kukauka, kisha ikijaa. Andika zile namba mbili, na utafute joje inayozifuata. Hii njo njia nzuri kuliko zote, na ya bei ndogo.

Kufunga si kazi kubwa. Joje nyingi zina waya tatu: moja kwa kontakti kupitia fizibli ndogo, moja kwa masi, moja kwa floteri. Usipeleke kamwe volti 12 moja kwa moja kwenye floteri: itaungua, na cheche karibu na mvuke wa esansi inaweza kuwasha gari na mwenye gari. Ukifungua tanki, toa waya ya batri kwanza, fanya kazi inje, bila sigara.

Angalia masi vizuri. Masi yenye kutu inaongeza omu. Kwenye Toyota itakuonyesha esansi kidogo kuliko ile iko, na hapo hauumii sana. Kwenye VDO itakuonyesha nyingi kuliko ile iko.

Kuna mafundi wanaoongeza rezistansi ili kulazimisha. Tuchukue floteri ya 10 mpaka 180, na joje ya 0 mpaka 90. Ukifunga rezistansi ya omu 180 sambamba na floteri, tanki ikijaa unapata 90, sawa kabisa. Ikikauka unapata karibu 9.5, si 0. Mshale utakuwa unaonyesha bado kuna kidogo, na hakuna kitu! Na hakuna rezistansi inayoweza kugeuza joje inayosoma kinyume. Hapo ubadilishe floteri, ao ununue kifaa cha kielektroniki cha kupatanisha. Kwa gari za sasa ambazo floteri inapitia kwanza kwenye kompyuta, usikate waya ovyo. Ni afazali kuacha tablo yake.

Ukimaliza, tafuta mahali pa sawa, kitu ambacho hapa kwetu si rahisi: kwenye mlima wa Kadutu esansi inakimbilia upande mmoja na floteri inadanganyika. Kausha tanki, mimina litre 5, ungoje mshale utulie, weka alama kwenye karatasi. Ongeza 5 ingine, alama ingine, mpaka ijae. Alama ya kwanza kabisa njo ya kuangalia sana, kwa sababu pompe iliyo ndani ya tanki inapozwa na esansi yenyewe, na ikizoea kukaa kavu inaungua.