Bujjabukula: Nyumba ya Walinda Lango wa Kasubi

Katika vitabu vya kumbukumbu, majina ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa huandikwa kwa heshima. Jina la mlinzi aliyefungua na kufunga lango miaka yote hiyo huandikwa mara chache. Hivyo ni vema tutazame mfano wa majirani zetu wa Uganda, ambako nyumba ya walinda lango ina jina lake na sehemu yake katika historia.

Juu ya kilima cha Kasubi, jijini Kampala, Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga ikulu yake mwaka 1882. Ni katika utawala wake wamisionari Waanglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Wakatoliki mwaka 1879. Wala hapakuwa na aliyefundisha pasipo ruhusa ya Kabaka. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na ikulu ikawa makaburi ya wafalme.

Aingiaye Kasubi hupita kwanza Bujjabukula. Ni nyumba ya nguzo za miti, kuta za matete yaliyosukwa na paa la nyasi. Kwa desturi ya Waganda, walinzi hukaa nyuma ya matete hayo usiku na mchana: wao humwona ajaye, naye hawaoni. Ndani yake kuna ua mdogo na nyumba ya ngoma za kifalme, kisha uwanja mkuu na nyumba kubwa iitwayo Muzibu Azaala Mpanga.

Makabaka wanne wamelala humo, na wawili kati yao walifia ugenini. Mwanga wa Pili alifariki Ushelisheli mwaka 1903, na mabaki yake yakarejeshwa mwaka 1910. Edward Mutesa wa Pili alifariki London mwaka 1969, akazikwa Kasubi mwaka 1971, wakati ufalme wenyewe ulikuwa umefutwa tangu 1967. Hakukuwa na kiti cha enzi, lakini kaburi lilikuwa na walinzi wake.

Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga. Bujjabukula ilisalimika. Kazi ya kujenga upya ilichukua zaidi ya miaka kumi, ikitegemea mafundi wa kuezeka wa ukoo wa Ngeye, waliorithi ujuzi huo kwa wazee wao. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Nasi wa Songea tunayo makaburi ya mashujaa wa Maji Maji pale Mahenge, na tunazo nyumba za ibada. Majengo hayo hayajilindi yenyewe. Mtunga Zaburi aliona kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu ni heshima. Tunapohesabu miaka mia moja, tuwaulize wazee wetu majina ya mabawabu wetu, tuyaandike kabla hayajasahaulika.