Mkalimani na Mwenyeji: Historia Fupi ya Programu za Linux

Mwaka huu tulipokabidhiwa kazi ya kukusanya matoleo ya zamani ya jarida letu, tulikutana na tatizo ambalo hatukulitarajia. Kurasa zilikuwa zimepangwa kwa programu ya Windows ambayo haiuzwi tena, na kompyuta ya klabu inatumia Linux. Mmoja wetu alishauri tuchape kila kitu upya. Mwingine akajaribu programu iitwayo Wine, na kurasa zikafunguka, picha zake zikiwa mahali pake. Furaha ile ilituletea ubishi: je, Linux inafaidika kwa kuendesha programu za wengine, au inajinyima programu zake yenyewe? Tulipochunguza tuligundua kwamba ubishi huu una miaka zaidi ya 30.

Kwanza tueleze maneno. Programu haifanyi kazi peke yake. Ikitaka kufungua faili au kuchora dirisha, huuomba mfumo endeshi, na maombi ya Windows si sawa na ya Linux. Programu asilia ni ile iliyoandikwa itoe maombi ya Linux moja kwa moja. Tabaka la upatanifu hukaa katikati kama mkalimani: hupokea ombi la Windows na kulitimiza kwa njia ya Linux.

Wine ndiyo mkalimani maarufu kuliko wote. Kazi ilianza mwaka 1993 ikiongozwa na Bob Amstadt, na mwaka 1994 Alexandre Julliard akashika usukani. Jina lenyewe ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba Wine si mwigaji, kwa kuwa haiigi kompyuta nzima. Microsoft haikutoa msimbo wa Windows, hivyo waandishi wa Wine walilazimika kuzijaribu tabia zake moja baada ya nyingine. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, baada ya miaka 15.

Wapo walioiogopa Wine tangu mwanzo, na hofu yao ilikuwa na sababu. Mwaka 1992 kampuni ya IBM ilitoa OS/2 2.0, mfumo uliojivunia kuendesha programu za Windows. Waandishi wa programu wakapiga hesabu: tukiandika ya Windows, wateja wa OS/2 nao wataitumia, basi ya nini kuandika mara mbili? OS/2 ilishindwa sokoni. Hiyo haikuwa sababu pekee, maana kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa tayari na Windows ndani, lakini somo lilikumbukwa.

Kampuni ya Corel ya Kanada ilijaribu njia zote mbili. Mwaka 1998 ilitoa WordPerfect 8 iliyokuwa asilia kwa Linux. Mwaka 2000 ikatoa ofisi nzima ya programu, safari hii kwa kutegemea Wine, na watumiaji wakalalamika kwamba ni nzito. Oktoba mwaka huohuo Microsoft iliwekeza dola milioni 135 katika Corel, na mwaka uliofuata Corel ikauza kitengo chake cha Linux. Hata hivyo, marekebisho ambayo wahandisi wake waliyachangia Wine hayakuondoka nao.

Upande wa pili walikuwepo Loki Software wa California. Kuanzia mwaka 1998 walichukua michezo ya Windows na kuigeuza kuwa asilia kwa Linux. Kazi yao ilisifiwa, lakini wanunuzi walikuwa wachache, na Januari 2002 kampuni ikafungwa. Jambo lililotushangaza ni hili: michezo mingi ya Loki ni vigumu kuiendesha katika Linux ya leo, kwa sababu maktaba za msimbo ilizozitegemea zimebadilika na hakuna aliyebaki kuitunza. Mara nyingi toleo la Windows la mchezo uleule ndilo linalofanya kazi vizuri zaidi, kupitia Wine. Mwenyeji amekuwa mgeni nyumbani kwake.

Mwaka 2013 kampuni ya Valve ilileta duka lake la michezo, Steam, kwenye Linux na kuwahimiza watengenezaji waandike matoleo asilia. Kampuni nyingi kubwa hazikuitikia. Agosti 2018 Valve ikatoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, na Februari 2022 ikaanza kuuza Steam Deck, kifaa cha mkononi chenye Linux ndani. Maelfu ya michezo ya Windows yanachezeka humo. Lakini sasa watengenezaji wengine husema Proton inatosha, kama ilivyokuwa enzi za OS/2.

Kuna kitu kimoja ambacho mkalimani huyu hawezi. Wine huendesha programu ya Kiingereza pamoja na menyu zake za Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu OpenOffice ilikuwa huria: watu wetu waliruhusiwa kuingia ndani na kubadilisha maneno yenyewe bila kumpigia mtu magoti.

Sisi tuliokulia ughaibuni tunaujua ukalimani huu. Wengi wetu bado tunafikiri kwa Kiingereza kwanza, kisha tunatafsiri, na walimu wetu hugundua mara moja. Hatuudharau, kwani bila huo tusingeongea na bibi zetu kwenye simu. Lakini Loki wametuonyesha kwamba hata kuwa mwenyeji hakudumu bila matunzo.

Basi tumeamua hivi. Matoleo ya zamani tumeyafungua kwa Wine na kuyahifadhi kama PDF, yasipotee. Toleo hili tumelipanga kwa Scribus, programu huria na asilia ya Linux. Wawili kati yetu bado wanaona tumejitafutia kazi ya bure. Tumewapa jukumu la kuwafundisha wanachama wapya namna ya kuitumia, ili mwakani asikosekane wa kuendelea.