Kiwanda cha Vita Kilichoitwa Amani

Ukiwa Lushoto na unataka kwenda Amani, usidanganywe na ramani. Zote ni Usambara, lakini itabidi ushuke hadi Mombo, upite Korogwe na Muheza, ndipo uanze kupanda tena. Huko juu Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902. Ilishughulika na mimea. Silaha hazikuwa kazi yake.

Vita ikaanza Agosti 1914, manowari za Waingereza zikafunga pwani. Amani, chini ya Albrecht Zimmermann, ikageuka. Wataalamu wa mimea wakawa wanatengeneza sabuni, mishumaa, pombe kali na, kubwa kuliko yote, kwinini kutokana na magome ya misinkona. Utasema kwinini ni dawa tu. Sawa, lakini katika vita ile ya porini magonjwa yaliua watu wengi kuliko risasi. Bila kwinini, jeshi la Lettow-Vorbeck lisingefika mbali.

Mwaka 1916 Waingereza wakaiteka Amani. Je, waliuteka na ujuzi? Wapi! Jeshi lilirudi nyuma kuelekea kusini huku likichemsha magome na kunywa maji yake machungu, wenyewe wakiyaita kwa utani “Lettow-Schnaps”. Liliweka silaha chini Abercorn, Novemba 1918.

Unaweza kufunga jengo. Kichwa cha mtu utakifungaje? Mkataba wa Versailles wa 1919 ulijaribu. Kifungu cha 179 kiliitaka Ujerumani izuie raia wake wasiende kufundisha majeshi ya nchi nyingine. Raia wa Ujerumani tu, lakini. Waafrika waliofanya kazi Amani hawakufikiriwa kabisa. Kifungu cha 172 nacho kiliitaka ieleze jinsi inavyotengeneza milipuko na sumu zake, yaani siri ihamie kwa washindi. Mimi hapo sioni kuzuia, naona kugawana. Na kabla miaka ya 1920 haijaisha, wataalamu wa Kijerumani walikuwa Urusi, wakijaribu gesi ya sumu kwa siri na wenyeji wao.

Muungano wa Kisovyeti ulipovunjika, njia ikabadilishwa. Wanasayansi wa silaha walikuwa hawalipwi vizuri, na mwenye njaa huuza alichonacho. Marekani, Ulaya, Japani na Urusi zikakubaliana mwaka 1992 kuunda kituo mjini Moscow cha kuwalipa wafanye utafiti wa kiraia. Kilianza kazi mwaka 1994. Siku hizi makao yake yako Astana, Kazakhstan.