Kliniki, Kompyuta na Daftari la Madeni

Leo tuweke kando kidogo mambo ya kuandika programu, tuzungumze juu ya daftari. Ndiyo, daftari la karatasi, lile kubwa lenye jalada gumu na mistari myekundu.

Nilimtengenezea mama mmoja programu ya kuendesha kliniki yake ndogo kule Karungu, kwenye ghuba ya Ziwa Victoria upande wa Migori. Mama huyu ni afisa wa kliniki, ingawa kila mtu anamwita daktari, kama ilivyo desturi yetu Kenya. Ana chumba cha kuwaona wagonjwa, maabara ndogo, kabati la dawa, na meza yenye daftari. Programu ilikuwa nzuri (nilidhani!). Ilisajili wagonjwa, ilihesabu dawa, ilitoa risiti. Ilidumu wiki tatu. Daftari bado lipo.

Nilikasirika kidogo, kisha nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kwa nini nchi yenye sifa ya mifumo ya kompyuta ya afya inamwacha mtu kama huyu na kalamu. Jibu limenirudisha nyuma miaka mingi.

Tuanze na Uhuru. Mwaka 1965 serikali ya Kenya iliondoa ada ya shilingi 5 iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, na mgonjwa wa nje akawa anatibiwa bure katika vituo vya serikali. Mwaka uliofuata, 1966, ikaanzishwa bima ya hospitali, NHIF, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa zaidi ya watu wa mishahara na zaidi ya gharama za kulazwa. Mvuvi wa Karungu mwenye malaria hakuwa anaihitaji wala haikuwa inamjua. Kwa hiyo zahanati ya serikali haikuwa na biashara ya kuendesha. Ilikuwa na dawa au haikuwa nazo, basi.

Mambo yakabadilika mwishoni mwa miaka ya 1980. Sheria ya mwaka 1988 iliwatambua maafisa wa kliniki na kuwawekea utaratibu wa usajili na leseni, jambo lililowafungulia mlango wa kufungua kliniki zao wenyewe. Na Desemba 1989 serikali, ikibanwa na madeni na wafadhili, ikaleta mpango wa kuchangia gharama. Mgonjwa alipe! Ada ziliondolewa tena kwa wagonjwa wa nje mwaka 1990, kisha zikarudishwa hatua kwa hatua kuanzia 1992. Katika utaratibu huo, asilimia 75 ya fedha zilizokusanywa zilibaki kwenye kituo chenyewe na asilimia 25 zikaenda kwenye afya ya msingi ya wilaya.

Hapa pana takwimu moja ambayo huwa inanisumbua. Katika kliniki ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti walihesabu wagonjwa kabla ya ada na wakati wa ada. Katika miezi ile tisa ya kulipia, wanaume waliofika walishuka hadi kiasi cha asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Kumbukeni ni miaka gani hiyo: VVU vilikuwa vinaenea. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba bei ni jambo la mhasibu tu, namwonyesha namba hizo.

Sasa njooni Mombasa, kwenye Hospitali Kuu ya Mkoa wa Pwani, miaka hiyo hiyo ya 1990. Fedha za wagonjwa zilikuwa zinakusanywa kwa risiti za mkono, na nyingine hazikufika benki. Wakaweka mashine za kaunta zilizounganishwa kwa mtandao, zile zinazofungua droo na kutoa risiti. Ndani ya miezi mitatu mapato yakapanda kwa karibu nusu, bila bei kupanda na bila wagonjwa kuongezeka. Hebu fikirini. Hakuna akili bandia hapo, hakuna wingu, hakuna simu janja. Ni risiti yenye namba ambayo mtu hawezi kuirudisha nyuma, na jumla ya jioni inayolinganishwa na fedha zilizo kwenye droo. Kwa maoni yangu hiyo ni mojawapo ya kazi bora za kompyuta katika afya ya Kenya, na ni wachache sana wanaoizungumzia. Nadhani ni kwa sababu ilihusu wizi mdogo mdogo, na wizi hauandikiwi nyimbo za sifa.

Kompyuta iliyosifiwa ni nyingine, na ilistahili. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, waliwasha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa: kompyuta mbili zilizounganishwa, zenye umeme wa akiba wa betri ya jua. Walipopima baadaye walikuta muda wa mgonjwa kituoni umepungua kwa asilimia 22. Halafu likaja wimbi la VVU na dawa za kupunguza makali. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walifika Eldoret, wakaona mfumo uliokuwepo hauwezi kubeba wagonjwa waliokuwa wanamiminika, na huko ndiko ilikoanzia OpenMRS, programu huria ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Mwaka 2006 ilikuwa tayari inafanya kazi Eldoret.

Wasomaji wanaoandika programu watapenda kujua siri yake. Badala ya kutengeneza jedwali jipya kwa kila ugonjwa, OpenMRS ina kamusi ya dhana. Uzito ni dhana. Kikohozi ni dhana. Idadi ya seli za CD4 ni dhana. Mgonjwa akija, ziara yake inahifadhi majibu ya dhana hizo. Ukitaka kuanza kufuatilia kifua kikuu kesho, unaongeza maneno kwenye kamusi, hugusi muundo wa hifadhidata. Ni kazi safi sana, na niliposoma muundo ule nikiwa chuoni niliona wivu.

Lakini bei haikuwa kwenye kiini cha mfumo ule. Na kwa nini iwepo? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba Nyanza, watu wazima kama 15 katika kila 100 walikuwa na VVU. Watu walikuwa wanakufa. Marekani ilianzisha mpango wa PEPFAR mwaka huo huo, na mwaka 2006 serikali ya Kenya ikafanya dawa za VVU kuwa bure katika vituo vya umma. Mfadhili aliuliza: wangapi wameanza dawa, wangapi wameacha, wangapi wamefariki? Mfumo ukajengwa kujibu maswali hayo. Kitu ambacho bei yake ni sifuri hakihitaji safu ya bei. Mwaka 2012 wizara na washirika wake walipotoa KenyaEMR juu ya msingi wa OpenMRS, na ikasambaa katika mamia ya vituo, ilibeba umbile hilo. Ni katika matoleo ya miaka ya karibuni tu ndipo sehemu ya malipo ilipoingia.

Karungu yenyewe ilipitia yote haya. Mapadre Wakamili walijenga pale hospitali ya misheni ya Mtakatifu Kamili katika miaka ya 1990, na kando yake makao ya watoto yanayoitwa Dala Kiye, yaani nyumbani kwa mayatima kwa Kijaluo. Jina linatosha kueleza miaka ile ilikuwaje. (Na si mara ya kwanza mahali hapa kujulikana kwa ugonjwa. Mjiolojia Felix Oswald alikuja Karungu mwaka 1911 kuchimba mifupa ya wanyama wa kale, na kitabu alichokitoa mwaka 1915 kiliita eneo zima nchi ya ugonjwa wa malale.) Hospitali za misheni zilikuwa na msaada mwingine wa kibiashara: tangu 1986 makanisa yana shirika lao la kununua dawa kwa wingi, MEDS. Serikali nayo ina bohari yake, KEMSA.

Kliniki ya mama yangu haina padre, haina mfadhili, haina bohari. Inalipa kodi ya nyumba. Dawa inanunuliwa taslimu. Mwaka 2004 serikali ilishusha ada iwe shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya, na Juni 2013 ikaziondoa kabisa pamoja na ada za kujifungua. Kwa mgonjwa hiyo ilikuwa neema. Kwa kliniki ndogo ya binafsi, maana yake jirani yako anauza kwa sifuri, na wewe unabaki na wagonjwa wa usiku, wa Jumapili, na wa siku ambazo dawa zimeisha huko kwingine.

Kompyuta ya kwanza ya fedha iliyofika Karungu bila mradi wowote ni simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na Lipa na M-Pesa mwaka 2013. Sasa mama anajua nani amelipa, saa ngapi, kiasi gani. Kitu ambacho simu haimwambii ni nani hajalipa.

Na hapo ndipo programu yangu ilipokufa. Nilikuwa nimeandika kwamba ziara moja ina malipo moja, siku hiyo hiyo. Ndivyo duka la Nairobi linavyofanya kazi. Karungu ni nchi ya omena, na omena huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki, na wavuvi hukaa nchi kavu wiki nzima au zaidi. Fedha za kijiji zinapanda na kushuka na mwezi! Juu ya hayo kuna msimu wa kufunga uvuvi wa omena, kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai. Sasa angalieni kalenda: mvua za masika zinanyesha Machi hadi Mei, na malaria huongezeka baada yake. Wagonjwa wengi zaidi wanakuja wakati ambapo mfuko ni mtupu zaidi.

Nilipofungua daftari kwa makini niliona kwamba pembeni mwa madeni mengi mama ameandika neno moja: "giza". Maana yake, atalipa usiku wa giza ukirudi, mwezi ukishapungua. Hiyo ndiyo tarehe ya malipo. Programu yangu ilitaka siku, mwezi na mwaka, na ilikataa kufunga ziara yenye salio. Wahudumu wakaanza kuandika malipo ya uongo ili kuipita. Wiki ya tatu takwimu zote zilikuwa uchafu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Kliniki inaona wagonjwa 20 kwa siku, kila mmoja wa shilingi 500. Hiyo ni 10,000. Nusu yao wanalipa papo hapo, nusu wanalipa baada ya siku 40. Basi wakati wowote kuna shilingi 200,000 zilizo mikononi mwa watu, na muuza dawa hangoji siku 40. Kliniki inaweza kuwa na foleni kila asubuhi na bado ikafungwa.

Deni la mvuvi angalau lina mwezi wa kulipima. Bima ni giza la aina nyingine. NHIF ilipoanza kupanua huduma za wagonjwa wa nje mwaka 2015, kliniki nyingi zilifurahi, kisha zikajifunza kungoja. Tarehe 1 Oktoba 2024 ikaingia SHA badala yake, wenye mshahara wakikatwa asilimia 2.75 na kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Kila dai sasa linapita kwenye mtandao. NHIF iliacha madeni makubwa nyuma yake. Februari 2025 chama cha hospitali binafsi, RUPHA, kiliwaambia wanachama wake wadai taslimu, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza kwamba vituo vinavyodai NHIF milioni 10 kushuka chini vitalipwa, na vya juu ya hapo vikaguliwe kwanza.

Januari ya mwaka huo huo Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje, na miradi ya VVU ikatikisika. Ghafla hata vituo vyenye kompyuta nzuri vikawa vinauliza swali la mama: kumhudumia mtu mmoja kunagharimu kiasi gani? Miaka ishirini ya kumbukumbu, zikiwa na uzito na CD4 ya kila mtu, haziwezi kujibu hilo peke yake.

Nimeandika programu upya. Ziara inaweza kubaki wazi. Deni lina mwenyewe, lina kiasi, na ahadi yake ni maneno, si tarehe. Mwezi mpevu uko kwenye kalenda, ni kanuni fupi tu ya hesabu. Madai ya SHA yanakaa kwenye jedwali lile lile la madeni, maana ndiyo madeni: limetumwa, limekubaliwa, limekataliwa, limelipwa. Mama aliangalia kwa muda mrefu, akaniuliza, "Kijana wangu, na hawa wa SHA niwaandikie giza la lini?"

Kwa sasa safu hiyo nimeiacha tupu.