Lear Kikuyu, Edipode Dar: tanzia ilivyogombaniwa darasani

Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o afariki Mei 2025, waraka wake na wenzake wa 1968, uliotaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, umerudi vinywani mwa watu, na wengi wanausimulia visivyo. Eti aliwatimua Shakespeare na Wagiriki. Wapi!

Shakespeare alimjua tangu ujana. Katika kumbukumbu zake za Alliance, alikosoma 1955 hadi 1958, anasimulia jinsi shule hiyo ya mjini Kikuyu, chini ya mwalimu mkuu Carey Francis, ilivyoigiza tamthilia ya Shakespeare kila mwaka, King Lear ikiwemo. Nje ya lango ilikuwa Hali ya Hatari ya kikoloni. Kaka yake alikuwa msituni na Mau Mau, na Ngũgĩ aliporudi likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa. Kijana huyo hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia Lear, mzee anayetangatanga dhorubani bila makao.

Septemba 20, 1968, kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza chuoni Nairobi, James Stewart, alipendekeza masomo yapanuliwe, Kiingereza kikibaki nguzo. Oktoba 24 Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba wakamjibu bila kuuma maneno: idara yenyewe ivunjwe. Afrika ikae katikati, kwingine kutazamwe kutokea hapo. Fasihi simulizi ipewe nafasi yake. Kiswahili kilitajwa waziwazi, na kozi ya fasihi teule ya Ulaya ikabakizwa. Hilo la mwisho ndilo wapiga kelele wasilolisoma. Mabishano yalipotulia, chuo kikapata Idara ya Fasihi.

Dar es Salaam haikungoja waraka. Nyerere alikwisha kuitafsiri Julius Caesar mwaka 1963. Samuel Mushi akatoa tafsiri ya Makbeth 1968, kisha ya tanzia ya Kigiriki, Mfalme Edipode, 1971. Kati ya tafsiri hizo mbili, 1969, ikachapishwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tanzia ya mtu anayezidiwa nguvu na neno alilolitamka mwenyewe. Iweke kando ya Edipode, anayekimbia utabiri na kuangukia mikononi mwake, na una mjadala wa muhula mzima, kwa Kiswahili kitupu.

Nani anafundisha hivyo leo? Mitaala imebadilika, Romeo and Juliet imekuja na kuondoka. Katika sekondari za Kenya fasihi ya Kiswahili na ya Kiingereza zina walimu wawili wasioulizana kitu, na mwanafunzi hukabidhiwa mwongozo akariri maudhui na sifa za wahusika, hata kabla hajausikia mstari mmoja ukitamkwa kwa sauti.