Watu wenye Down: walipimwa kwa faida ya nani?

Wengi wetu tumetoka Gitega na Muyinga, na mambo ya kupimwa tunayajua. Mtoto akifika tu kambini anazungushiwa utepe mkononi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi 12.5 ni njano. Utepe huo umeokoa wengi. Lakini kuna wenzetu ambao vipimo viliwatenga kwanza, msaada ukaja baadaye sana. Ni watu wenye sindromu ya Down.

Mwaka 1866, daktari Mwingereza John Langdon Down, msimamizi wa kituo cha Earlswood, aliandika kuhusu wagonjwa wake waliofanana sura. Alichokiona kilikuwa cha kweli. Shida ni alivyokieleza: aliwapanga kwa mbari za dunia, hawa akawaita Wamongolia, wengine Waethiopia, wakati wazazi wao ni wazungu! Jina la Wamongolia liliganda karibu miaka 100, hadi Mongolia yenyewe ilipolalamika na Shirika la Afya Duniani likaliacha mwaka 1965.

Sisi Warundi hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Enzi za Wabelgiji watu wa Urundi walipimwa pua, vichwa na kimo, na mwaka 1954 Jean Hiernaux akachapisha kitabu kizima cha vipimo vya miili yao na ya jirani zao wa Ruanda. (Tuwe wakweli: baadaye yeye mwenyewe aliipinga dhana ya mbari.) Ila hakuna aliyepona malaria kwa sababu pua yake ilipimwa.

Mwaka 1959 mambo yakageuka. Huko Paris, Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin walionyesha kwamba mtu mwenye Down ana kromosomu 47, sio 46. Kwa hiyo si laana wala si uchawi, na mama hakukosa kitu. Pia swali likabadilika: badala ya "wanafanana na nani?" likawa "wanaumwa nini?" Ikaonekana karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo, na wengi wana shida ya masikio, macho au tezi ya shingo. Kule Marekani, mwaka 1983 umri wao wa kuishi ulikadiriwa miaka 25 tu. Leo ni karibu 60. Upasuaji wa moyo ulichangia sana.

Hata kadi ya kliniki ina historia yake. Watoto wenye Down hukua polepole, kwa hiyo kwenye chati ya kawaida wanaonekana wamedumaa. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walitoa chati ya kwao, lakini ilitokana na watoto wa kule, si wa vilima vya Muyinga. Basi makosa yanakuja kutoka pande mbili: mtoto mzima anaitwa mwenye utapiamlo, au mwenye njaa kabisa anaachwa kwa maneno "hawa ndivyo walivyo." Hilo la pili ndilo linatutisha zaidi.

Halafu kuna miaka mitano. Tangu 2006 Burundi inatibu bure watoto walio chini ya umri huo, jambo zuri sana. Utepe wa kambini nao ni wa miezi 6 hadi 59. Baada ya hapo, Gitega au kambini, mtoto mwenye Down anatoka kwenye daftari, ilhali tezi inaweza kuharibika akiwa na miaka 12 au 20.

Ninyi wa mashirika, fomu zenu za ulemavu zinauliza kama mtu anaona, anasikia, anatembea, anakumbuka. Moyo hamuulizi. Na wewe ukimpeleka mdogo wako kliniki, omba moyo usikilizwe, na uulize wapi atapata picha ya moyo, maana sikio la daktari peke yake halitoshi. Omba damu ya tezi ipimwe kila mwaka, hata kama ameshaota ndevu.